Kwa wajukuu zangu mnaosomea udaktari Grenada, nchi ya visiwa huko Karibi

Wajukuu zangu, nawasalimu.

Mmoja wenu ni damu yangu. Wengine nawajua kwa sauti, mnapopita nyuma yake akinipigia simu, huyu Kiswahili cha Mombasa, yule cha Arusha, mwingine cha Bujumbura. Juzi nilimsikia mmoja wenu akisema, "Nchi hii haina lolote, hospitali yenyewe wauguzi hawapo." Sikumkatiza. Naandika leo, tena hadharani, ili na wazazi wenu wasome.

Mimi nimezaliwa Wete, Pemba, nikafundisha Tanga miaka 34. Maisha ya kisiwa kinachotegemea viungo nayajua. Tazameni bendera ya Grenada, mtaona kungumanga. Septemba 2004 kimbunga Ivan kiliua watu 39 huko na kuangusha sehemu kubwa ya mikungumanga. Mti huo ukipandwa leo, huzai mpaka miaka saba au minane ipite. Mkulima aliyekuwa na miaka sitini siku ile, mlitaka apande kwa moyo gani? Kisha tarehe 1 Julai 2024 kikaja Beryl, kikapiga Carriacou, kisiwa kidogo cha nchi hiyohiyo. Kwa nusu saa tu mapaa yakawa yametoka karibu kila nyumba, na hospitali nayo haikusalimika.

Lakini jueni na hili. Walipojadili upya madeni yao mwaka 2015, Wagrenada walishikilia kiwekwe kifungu kinachowaruhusu kusogeza mbele malipo pindi kimbunga kikipiga. Baada ya Beryl walikitumia, na fedha za wadai zikabaki nyumbani kwanza. Nchi ya watu laki moja na kidogo iliwaza hilo mapema. Ndiyo hiyo mnayosema haina lolote?

Sasa nije kwa wauguzi. Kwa zaidi ya miaka thelathini, mtumishi wa umma wa Grenada aliyeajiriwa kuanzia miaka ya 1980 hakuwa na pensheni ya serikali. Alitegemea mafao ya bima ya taifa peke yake. Mwaka 2018 walimu waligoma kudai haki yao ya uzeeni. Mwaka huohuo sisi huku tulikuwa tunalumbana juu ya kikokotoo cha mafao ya wastaafu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopaza sauti. Februari 2022 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kuwanyima pensheni kunakiuka katiba. Juni mwaka huo wapiga kura wakaiondoa serikali ya Keith Mitchell, wakakipa chama cha Dickon Mitchell viti 9 kati ya 15, na pensheni ilikuwa miongoni mwa ahadi zake. Deni la namna hiyo halilipwi kwa siku moja. Bajeti ileile ndiyo inayojenga Carriacou, ndiyo inayonunua dawa.

Mimi nilipostaafu nilisubiri kiinua mgongo miezi kumi na minne. Bahasha ya vielelezo niliyokuwa nikienda nayo ofisini ilichanika kwenye mikunjo. Ndiyo maana nikisikia muuguzi wa St. George's, mji mkuu wa huko, kahamia Uingereza au Kanada, simlaumu. Ninayemfikiria ni yule aliyebaki zamu ya usiku, anayefanya kazi ya watatu, halafu anakuja mwanafunzi na koti jeupe lililopigwa pasi kumuuliza kwa nini mgonjwa wa kitanda cha sita hajageuzwa. Wanangu, mgeuzeni nyinyi.

Liko na jambo zito zaidi. Chuo mnachosoma kilikuwepo mwaka 1983. Tarehe 19 Oktoba Maurice Bishop, waziri mkuu wa serikali ya mapinduzi, aliuawa pamoja na wenzake kadhaa, na mpaka leo maiti zao hazijapatikana. Siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakaingia. Sababu moja kubwa waliyoitoa ni kuwaokoa wanafunzi wa udaktari wa Kimarekani waliokuwa hapo, katika madarasa hayo mnayokaa. Nilikuwa mwalimu kijana, nikaisikia habari hiyo redioni. Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa uliulaumu uvamizi ule kwa kura 108 dhidi ya 9. Kwa hiyo mwanafunzi mgeni katika nchi ndogo hahesabiwi kuwa mtu mdogo. Maneno yake hubebwa yakafanyiwa kazi asiyoijua.

Na mambo hayo hayajaisha. Uwanja wa ndege mlioshukia, uliojengwa kwa msaada wa Cuba na sasa una jina la Bishop, ndio ambao mwaka 2025 Marekani iliomba kuweka rada yake. Agosti mwaka huohuo Marekani ilitangaza vikwazo vya viza kwa maofisa wa Grenada kwa sababu ya mpango wa kuleta madaktari wa Cuba. Sisi wa Zanzibar tumetibiwa na Wacuba, tunajua wadi inakuwaje wakiondoka. Wagrenada wenyewe wamegawanyika juu ya rada, na katika kisiwa hicho wanaobishana huenda ni ndugu wa nyumba moja. Mkiulizwa, semeni mnasikiliza. Msirekodi video za kucheka foleni ya wagonjwa. Msimtolee mtu ushahidi kwamba nchi hiyo imeshindwa kujitawala.

Likizo ikifika, kabla ya kukimbilia Miami, pandeni boti bandarini St. George's mwende Carriacou. Nendeni kwenye kituo cha afya, msalimieni muuguzi wa zamu, mwambieni mko wanne, mna mikono minane, mwulizeni ishike kazi ipi. Mkirudi nipigieni simu, hata ikiwa usiku wa manane huku, mnieleze alivyowajibu.

Bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Tanga