Postikodi tunazo, lakini tunaandika 00255

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Nina kaduka ka steshenari na fotokopi hapa Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Kwa kuwa Posta nayo iko jirani, wateja wengi wameshaamua kwamba mimi pia ni Posta. Mtu ananunua bahasha, anaazima peni, halafu maswali yanaanza: barua itafika lini, mbona ya kaka yake wa Mirerani haijafika, eti mleta barua anaweza kwenda mpaka nyumbani kwake Muriet?

Swali linaloongoza linatoka kwenye fomu za mtandaoni. Juzi kijana mmoja alikuwa anajaza maombi ya chuo cha nje kwenye kompyuta yangu. Akafika kwenye postikodi, akasita. "Mama, hapa niweke nini?" Kabla sijafungua mdomo, mteja aliyekuwa akisubiri kopi ya kitambulisho akamjibu: "Weka 00255, wote tunaweka hiyo." Kijana akaweka, na fomu ikakubali. Nikamwambia afute. Hiyo 255 ni ya kupigia simu Tanzania, haijawahi kuwa postikodi ya mtu yeyote.

Postikodi zetu zipo, za tarakimu tano. Ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa ndani ya kanda hiyo, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho ni kata. Ndiyo maana za Arusha zinaanza na 23, na za ndugu zetu wa Kilimanjaro zinaanza na 25. Kijana anakaa Sombetini. Tuliitafuta ya kata yake kwa simu, kwenye NaPA, ile programu ya anwani za makazi, na tuliipata upesi kuliko muda tulioutumia kubishana.

Kinachonishangaza ni kwamba kazi kubwa ilishafanyika. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, ilipita operesheni ya anwani za makazi. Zikasimikwa nguzo za majina ya barabara, nyumba zikapewa namba. Kibao cha kwangu mume wangu alikipigilia upya baada ya kupaka geti rangi. Lakini muulize mtu anakaa wapi: "Ukifika kwa fundi cherehani, kata kushoto, uliza kwa Mama nanihii." Na haya yanasemwa katika mji wenye makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika, PAPU, kwenye lile ghorofa refu la eneo la Philips lililozinduliwa Septemba 2023!

Sasa huyo mleta barua. Kwetu barua nyingi zinaishia kwenye sanduku, na mwenye ufunguo ndiye anayezifuata. Asiye na sanduku anaazima la kazini, la shule au la kanisa. Mimi nimekulia Marangu. Barua za kijiji zilipitia sanduku la usharika, na Jumapili baada ya ibada mzee wa kanisa alisimama nje na rundo lake, akisoma majina kwenye bahasha moja moja. Ukiitwa unapita mbele za watu wote. Hakuna iliyopotea, ila kijiji kizima kilijua nani ameandikiwa kutoka Mombasa, na kwa mwandiko wa nani.

Sanduku la kuazima limeshaniponza. Binti wa dada yangu alinitumia vyeti vyake kwa rejesta kutoka Ujerumani, kupitia sanduku la kampuni niliyowahi kufanya kazi. Kampuni ilikuwa imeshahama na sanduku limeachwa. Bahasha ikarudi Ujerumani. Mwezi mzima nililaumu Posta, kumbe aliyempa mtoto anwani ya mahali nilipoacha kazi ni mimi mwenyewe. Siku hizi namwambia kila mteja aandike na namba ya simu ya mpokeaji juu ya bahasha. Mtu akikosekana, angalau atapigiwa.

Kuna na ile namba ya kufuatilia mzigo. Ni herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi. Ikianza na R ni rejesta, E ni EMS, ile huduma ya haraka, C ni kifurushi. Ikiishia na CN haina maana kwamba mzigo wako umekwama China. Inakwambia tu nchi ulikotoka, na herufi hizo hazitabadilika hata ukishaushika mkononi. Na barua ya stempu tupu haina namba ya kufuatilia, hata ukinigombeza.

Najua wengi wamehamia kwenye mabasi. Unampa kondakta wa basi la Dar bahasha asubuhi, unapiga simu, jioni mwenzio anaipokea stendi. Hata mimi natuma hivyo. Lakini chuo cha nje hakina kondakta.

Ombi langu ni dogo. Kila ofisi ya kata ina ukuta. Jiji la Arusha, na Manispaa ya Moshi pia, waandike pale postikodi ya kata kwa rangi, kubwa, isomeke hata na aliyepanda bodaboda. Na kaunta za Posta zibandike orodha ya kata zote za mji husika, ili mtu asilazimike kuvuka barabara kuja kuniuliza mimi.

Kwangu nimeshaanza. Juu ya mashine ya fotokopi nimebandika kata za Jiji na namba zake. Jana mama mmoja aliikodolea macho ile karatasi, akashika kiuno: "Elfu ishirini na tatu na ushee? Kopi moja?"

Mwenye steshenari,
Arusha