Barua kwa wanangu mnaosoma sosholojia ya sheria

Wanangu,

Kuna sentensi moja nimekutana nayo kwenye kazi za wanafunzi mwaka hadi mwaka: "Macaulay amethibitisha kwamba wafanyabiashara hawahitaji mikataba." Mwandiko hubadilika, sentensi haibadiliki. Najua inakotoka. Mtu kasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kaazima daftari la mwenzake, na usiku umekwenda. Sigombi, hata mimi nimepita humo. Ila leo nataka tukae na sentensi hiyo kidogo, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa ninalowaona mkilifanya.

Makala ya Stewart Macaulay, mwalimu wa sheria wa Marekani, kuhusu nafasi ya mikataba katika biashara ilitoka mwaka 1963, na kichwa chake kinatamka wazi kuwa huo ni uchunguzi wa awali. Neno "awali" ndilo la kwanza kudondoka mnapofupisha. Alizungumza na wafanyabiashara na wanasheria 68, kutoka kampuni 43 na ofisi 6 za mawakili, na karibu kampuni zote hizo zilikuwa na viwanda katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Alikuta kwamba watu hawa hupanga vizuri nani atampa nani nini, lakini hawajisumbui sana kuandika kitakachofuata mambo yakiharibika. Tatizo likizuka, mtu hunyanyua simu akaongea na mwenzake. Kumsomea vifungu vya mkataba mtu unayetaka kufanya naye biashara kesho ni kujifungia mlango. Wanafunzi wengi huishia hapo. Lakini Macaulay aliendelea, akaeleza ni wakati gani mkataba hutumika kweli: pale watu wanapoona faida yake inazidi gharama yake, kwa mfano shughuli inapokuwa tata na hasara ya kushindwa ni kubwa.

Sasa iandikeni upya: "Macaulay alikuta kwamba wafanyabiashara aliozungumza nao, wengi wao wa viwanda vya Wisconsin, humaliza tofauti zao kwa kutegemea uhusiano na sifa njema zaidi kuliko vifungu, ingawa hugeukia mkataba pale faida yake inapozidi gharama." Imekuwa ndefu, ndiyo, na haina mbwembwe. Lakini Macaulay akiisoma atatikisa kichwa kukubali. Muhtasari wenu muupime hivyo: je, mwenye makala angejitambua humo?

Tukija kwenye tathmini, ndipo ninapochoka kabisa. Sampuli ndogo, makala ya zamani, mazingira ni ya Marekani tu. Hizo ni nguo za kukodi, zinamkaa kila mtu. Mwandishi mwenyewe ameshakwambia ni uchunguzi wa awali, halafu wewe unamvizia kwa hilo hilo! Tafuteni mahali ambapo ushahidi na dai vinakutana, mbonyeze hapo. Mimi ningeuliza hivi: muuzaji mdogo asipomshtaki mnunuzi wake mkubwa, ni kwa sababu anamwamini, au kwa sababu anamwogopa? Kwenye mahojiano vyote viwili vinaweza kutoa jibu lile lile, "sisi huongea tu tukayamaliza." Hapo umegusa kitu. Na ukiendelea kusoma utaona Macaulay mwenyewe alilirudia suala la nguvu mwaka 1966, alipoandika juu ya watengenezaji wa magari na mawakala wanaouza magari yao. Kwa hiyo hata hoja yako nzuri iandike kwa adabu, pengine mwenyewe alikutangulia.

Niwasimulie aibu yangu. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika kwamba Eugen Ehrlich, mwanasheria wa Austria na mmoja wa waasisi wa sosholojia ya sheria, aliona sheria ya dola si kitu. Mwalimu wangu hakubishana nami. Pembeni mwa ukurasa aliandika neno moja kwa wino mwekundu: "Wapi?" Nilirudi kwenye kile kitabu chake cha 1913 nikakipekua hadi macho yakauma, nisipaone. Nilichokikuta ni dai jingine: kwamba kitovu cha maendeleo ya sheria hakimo katika kutunga sheria, wala katika elimu ya wanasheria, wala katika hukumu za mahakama, kimo katika jamii yenyewe. Mfano wake mmoja siusahau. Sheria ya madai ya Austria ya mwaka 1811 ilimpa mtoto haki juu ya mapato ya kazi yake, lakini miongoni mwa wakulima wa Bukovina, jimbo la Austria wakati huo, baba alikuwa akiyachukua, na hakuna aliyeona ajabu. Desturi kama hiyo, ambayo watu huiishi kweli, ndiyo aliyoiita sheria hai. Kitovu kuwa mahali fulani si sawa na kusema kwingine kote ni patupu, na mimi nilikuwa nimeyachanganya hayo mawili.

Ukitaka kumhoji Ehrlich, mtazame Hans Kelsen, mwananadharia wa sheria wa Austria, alivyofanya mwaka 1915. Hakupoteza muda na Bukovina. Aliuliza: kwa kutazama yale watu wanayoyafanya, unafikaje kwenye yale wanayopaswa kuyafanya? Huhitaji kukubaliana naye (mimi mpaka leo sikubaliani naye sana) ili uone kwamba kapiga kwenye kiungo. Nawe unaweza kutafuta kiungo kingine. Ehrlich anatenganisha sheria na maadili au adabu kwa hisia zinazoamka kanuni inapovunjwa; ukivunja sheria watu huchukizwa kwa namna nyingine kuliko ukikosa adabu. Je, hisia ni kipimo cha kutegemea? Nani anahesabiwa kuwa amechukizwa, baba au mtoto aliyenyang'anywa mshahara? Hapo kuna kurasa tatu nzuri kwa atakayekuwa na subira.

Marc Galanter, msomi wa sheria wa Marekani, nitampitia haraka. Makala yake ya 1974, kuhusu kwa nini wenye nacho huibuka washindi mahakamani, imebeba kwenye kichwa chake kidogo neno lenye maana ya makisio. Anawalinganisha wanaokuja mahakamani kila mara, kama kampuni za bima, na wanaokuja mara moja maishani, kama mtu anayeachana na mwenzi wake. Kumlaumu kwamba hana takwimu ni kumdai deni asilokopa. Mwulize kama makisio yake yanaweza kupimwa, kisha tafuta waliojaribu kuyapima.

Kazi zenu nazirudisha bila alama. Pembeni mwa nyingi mtakuta neno lile lile la mwalimu wangu, kwa wino ule ule. Anayeweza kunijibu kwa namba ya ukurasa aniletee Jumatatu.

Mzee wenu