Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Saksonia: mwalimu wa Kisorbi atatoka wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Serikali ya Jimbo la Saksonia,
Dresden.

Nakala: Waziri anayesimamia vyuo vikuu vya jimbo.

YAH: WALIMU WA KISORBI NA MASOMO YA LUGHA ZA KISLAVI

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Leipzig. Watoto wa Kisorbi wa jimbo lako wana haki ya kufundishwa kwa lugha ya mama. Imo kwenye katiba, imo kwenye sheria, na hakuna mwanasiasa Dresden anayeipinga mbele ya watu. Lakini darasani haki hiyo inabebwa na walimu wasiotosha, na barua hii inahusu walimu hao.

Nakala ya Kijerumani nimeituma ofisini kwako kwa posta. Hii ya Kiswahili naitoa hadharani kwa ajili ya wenzangu, kwa sababu wapo Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo wanaoishi Saksonia miaka mingi bila kujua kwamba mwendo wa saa chache kwa treni kuna taifa dogo la Wasorbi, watu wa Kislavi ambao lugha yao ni ndugu ya Kipolandi na Kicheki, lenye gazeti lake la kila siku, mashairi yake na ibada zake, ambalo halijahamia hapa kutoka popote. Wasorbi walikuwapo kabla Saksonia haijawa Saksonia.

Niseme kwanza mimi ni nani. Ni mkalimani na mwalimu wa Kiswahili. Jumamosi huwafundisha watoto wa familia za Afrika Mashariki wanaokulia mjini hapa. Nawafahamu watoto wanaoelewa kila anachosema bibi kwenye simu, kisha wakamjibu kwa Kijerumani, na bibi akabaki kumuuliza mama yao, "Amesemaje?" Hata hivyo Kiswahili chenyewe hakina hofu. Mtoto akikipoteza Leipzig, kipo Tanga, kipo Mombasa, kipo Bujumbura. Msorbi akikipoteza Kisorbi kwao Lausitz, hana kwingine pa kwenda kukitafuta.

Kwa wasomaji wasiowajua: Wasorbi wanaishi Lausitz, mashariki mwa Ujerumani, karibu na mipaka ya Poland na Ucheki. Idadi inayotajwa kwa kawaida ni watu 60,000 hivi, na wanaokizungumza Kisorbi kila siku ni wachache zaidi. Lugha zao ni mbili. Kisorbi cha Juu kinasemwa upande wa Saksonia, kuzunguka mji wa Bautzen, ambao wenyewe wanauita Budyšin. Kisorbi cha Chini kiko upande wa Brandenburg, kuzunguka Cottbus, yaani Chóśebuz. Hicho cha Chini kimebaki kwa wazee. Cha Juu bado kina uhai wa kweli katika vijiji vya Kikatoliki vilivyo kati ya Bautzen, Kamenz na Hoyerswerda, ambako mtoto anacheza, anagombana na kusali kwa Kisorbi. Huko ndiko mamlaka yako yanakofika, Mheshimiwa.

Sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Baada ya Wanazi kuipiga marufuku Domowina, jumuiya ya Wasorbi, mwaka 1937, kuwahamisha walimu na mapadri wa Kisorbi mbali na kwao na kukiondoa Kisorbi shuleni, Bunge la Saksonia lilipitisha sheria ya kuwalinda Wasorbi mwezi Machi 1948. Mwaka 1947 tayari shule ya sekondari ya Kisorbi ilikuwa imefunguliwa Bautzen. Katiba ya jimbo ya mwaka 1992 inawatambua. Sheria ya Wasorbi ya mwaka 1999 inazitaja shule na chekechea, na mwaka huohuo Mkataba wa Ulaya wa lugha za maeneo na za walio wachache ukaanza kutumika Ujerumani. Serikali nyingi duniani, zikiwemo za kwetu, hazijazipa lugha ndogo hata robo ya haya.

Lakini karatasi haisimami mbele ya darasa. Mfano ninaourudia kila mara ni wa kijiji cha Crostwitz, Chrósćicy kwa Kisorbi, mwaka 2001. Wizara iliyo chini yako leo iliamua kutofungua darasa la tano kwa sababu watoto walioandikishwa walikuwa 17, na kanuni ilitaka 20. Wazazi walikataa. Shule zilipofunguliwa mwezi Agosti waliwapeleka watoto wao palepale, na walimu wastaafu wakajitolea kuwafundisha kwa wiki kadhaa bila idhini ya serikali. Habari ilivuka mipaka. Waslavi wa nchi jirani walipaza sauti. Mwishoni watoto waligawanywa, na mwaka 2003 sekondari ile ikafungwa kabisa.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu ya wale wastaafu. Mwaka 2001 kijiji kilikuwa na wazee walioweza kuingia darasani na kufundisha hesabu na jiografia kwa Kisorbi sanifu. Kama jambo hilo lingetokea leo, wangetoka wapi wengine kama wao? Kijana wa Kisorbi mwenye ufaulu mzuri ana njia nyingi: uhandisi Dresden, udaktari, Berlin. Na anayechagua ualimu akatumwa kusomea fizikia au kemia, masomo hayo anayapata kwa Kijerumani. Anarudi kijijini akiwa na lugha ya mama ya nyumbani na fizikia ya Kijerumani, na sisi tunategemea aziunganishe mwenyewe usiku akiandaa somo.

Kuna watakaosema dawa ni chekechea. Nakubali kwamba mradi wa Witaj, ulioanza mwaka 1998 katika chekechea ya Žylow karibu na Cottbus, ni miongoni mwa mambo mazuri yaliyofanywa kwa lugha yoyote ndogo Ulaya. Ulichukua mfano wa shule za Diwan za Kibretoni kule Ufaransa: mlezi anazungumza na mtoto kwa lugha ile tu, tangu asubuhi, hata kama nyumbani kwao haisemwi. Watoto wa wazazi Wajerumani wametoka humo wakiimba na kutaniana kwa Kisorbi. Lakini mtoto huyo anafika darasa la kwanza, kisha la tano, kisha la tisa, na kila hatua inadai mtu mzima anayejua lugha zaidi ya ile ya kuvaa viatu na kula supu. Asipokuwapo, kazi yote ya mlezi wa chekechea inayeyuka kama barafu ya Aprili, na wazazi wanaanza kuuliza kama ilikuwa na maana.

Historia yenu wenyewe inaonyesha jinsi lugha inavyoweza kuporomoka upesi. Mwaka 1964, enzi za Ujerumani Mashariki, kanuni ya elimu ilibadilishwa, Kisorbi kikawa somo la hiari la kuombwa na mzazi. Hakuna aliyekipiga marufuku. Ndani ya miaka michache tu idadi ya wanaokisoma ilianguka vibaya, hasa kwenye shule ambako kilikuwa somo na si lugha ya kufundishia. Hiari isiyo na mwalimu mzuri, ratiba nzuri na kitabu kizuri si hiari. Ukosefu wa walimu unaweza kufanya hayohayo, tena bila kanuni yoyote kubadilishwa wala waziri yeyote kulaumiwa.

Sasa nije kwenye jiji ninaloishi. Mwaka 1716 wanafunzi wa Kisorbi wa theolojia walianzisha hapa Leipzig jumuiya yao ya kufanya mazoezi ya kuhubiri kwa lugha yao, kwa kuwa chuo hakikuwafundisha. Mwaka 1870 chuo hichohicho kikapata kiti cha uprofesa wa lugha za Kislavi, akakikalia August Leskien, na wataalamu wa isimu kutoka Ulaya nzima wakamfuata. Msorbi Arnošt Muka alisoma hapa, kisha akaandika sarufi kubwa ya Kisorbi cha Chini iliyotoka mwaka 1891, na baadaye kamusi ambayo watafiti wanaifungua hadi leo. Mwaka 1951 ikaundwa taasisi ya Kisorbi ya chuo. Mpaka sasa ndiyo pekee katika vyuo vikuu vyote vya Ujerumani inayowaandaa walimu wa Kisorbi.

Ni moja tu, Mheshimiwa, na ni ndogo. Ikipunguzwa nafasi moja ya mhadhiri, mnyororo mzima hadi vijiji vya Crostwitz na Ralbitz unalegea. Ndiyo maana wasiwasi wangu unaanzia kwenye masomo ya Kislavi kwa jumla. Kila bajeti ya vyuo inapobana, watu huuliza kwa nini tulipie Kicheki, Kipolandi au Kibulgaria wakati wanafunzi ni wachache. Kwa jimbo linalopakana na Poland na Ucheki swali hilo ni la ajabu, na kwa jimbo lenye raia Waslavi ni la hatari. Kisorbi hakiwezi kusomeshwa kitaalamu kikiwa peke yake. Kinahitaji wenzake: historia ya sauti za Kislavi, fasihi za jirani, na watu wanaojua kutunga sarufi za shule.

Nitoe mfano wa kiufundi, kwa sababu mimi ni mwalimu wa lugha na siwezi kujizuia. Kisorbi kinatofautisha kimoja, viwili na vingi. Nyumba moja ni *dom*, mbili ni *domaj*, nyingi ni *domy*. Watu wawili wakisema "sisi tupo" wanatumia *mój smój*; watatu na kuendelea, *my smy*. Kipolandi na Kicheki zimeupoteza mfumo huu, yamebaki masalia. Miongoni mwa Waslavi, wanaoutumia pamoja na Wasorbi ni Waslovenia. Mtoto wa Chrósćicy anayapata haya kwa mama yake bila kufundishwa. Mtoto wa Witaj anayapata kwa mwalimu tu. Mwalimu akiwa ameokotezwa, na mfumo wenyewe ukaanza kumponyoka, darasa zima litaupoteza, na katika kizazi kimoja Kisorbi kitakachobaki kitakuwa Kijerumani kilichovalishwa maneno ya Kislavi.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Mwanafunzi anayesomea ualimu wa hisabati, fizikia, biolojia au historia huku akijiandaa kufundisha kwa Kisorbi apewe fedha za kujikimu tangu mwaka wa kwanza na ahakikishiwe kazi Lausitz akihitimu. Anajifunza somo lake na namna ya kulifundisha kwa lugha ya pili ya shule, hiyo ni kazi ya ziada na ilipwe hivyo. Halafu mlango ufunguliwe kwa Waslavi wengine. Jimbo lako tayari linatoa masomo ya lugha za asili kwa watoto wa wahamiaji, Kirusi, Kiarabu, Kivietnam na nyinginezo, na baada ya mwaka 2022 limepokea walimu wengi kutoka Ukraine. Wapo pia Wapolandi na Wacheki wanaoishi hapa wakiwa na shahada za ualimu mfukoni. Mtu wa namna hiyo akipewa muda kamili wa kujifunza Kisorbi kwa mshahara, si kozi ya jioni akiwa amechoka, anaweza kufikia kiwango cha kufundisha mapema kuliko yeyote anayeanzia Kijerumani peke yake. Hatachukua nafasi ya Msorbi mzawa. Atamsaidia asielemewe.

Fedha zipo. Mwaka 2020 Ujerumani iliamua kuachana na makaa ya mawe kabla ya mwisho wa mwaka 2038, na maeneo ya migodi yakaahidiwa hadi euro bilioni 40 za kujijenga upya. Nani alilipa gharama ya makaa hayo? Vijiji zaidi ya 130 vya Lausitz, vizima au nusu, vilichimbwa na kutoweka tangu karne iliyopita, na vingi vilikuwa vya Kisorbi. Watu walihamishiwa mijini, kwenye maghorofa ambako jirani hakujua neno la Kisorbi, na lugha ikabaki jikoni kisha ikatoka hata huko. Wasorbi wakitengewa fungu la walimu katika fedha hizo, litakuwa deni linalolipwa, na lisiitwe msaada.

Utajiuliza haya yananihusu nini mimi. Natoka mkoa wa Tanga, na lugha ya babu zangu ni Kizigua. Kwetu Kiswahili ndicho kikubwa. Kimetuunganisha, nakipenda, nakula kwacho, lakini shuleni hakikukiacha Kizigua kipumue, na Tanzania yenye lugha zaidi ya 100 haijapata sheria kama yenu ya 1999. Tunapowaambia wakubwa wetu kwamba lugha ndogo inaweza kuishi ndani ya nchi ya kisasa, inayoheshimu mitihani na viwanda vyake, Lausitz ni miongoni mwa mifano tunayotaja. Wazanzibari waliokuja kusoma Ujerumani Mashariki baada ya mwaka 1964 walijifunza Kijerumani katika jiji hilihili. Baadhi yetu tuliofuata baadaye tumejifunza hapa pia kwamba Ujerumani ina lugha zaidi ya moja.

Ninaloliomba kabla ya yote ni hili, na haligharimu chochote: wizara itangaze, shule kwa shule na somo kwa somo, ni walimu wangapi wanaofundisha kwa Kisorbi watastaafu katika miaka 10 ijayo, na ni wanafunzi wangapi wako chuoni kuchukua nafasi zao. Itangazwe kwa Kisorbi na kwa Kijerumani, kabla wazazi hawajaandikisha watoto wa mwaka ujao wa masomo. Pengo kati ya idadi hizo mbili ndilo mpango wako unaopaswa kuliziba.

Nangoja majibu yako.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa Kiswahili na mkalimani,
Leipzig.