Wanaoanzisha biashara waulizwe sababu zao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wito unaotolewa kila mara kwa vijana na akina mama kwamba wajiajiri, wito ambao husikika kana kwamba watu hawa wamekosa wazo tu. Ninavyoona mimi, sababu iliyomfanya mtu aanzishe biashara ndiyo inayoamua ataiendeshaje na atahitaji msaada gani, lakini sababu hiyo ndiyo tusiyomuuliza.

Kwa wengi mijini sababu ni mshahara usiotosha, na hili halikuanza leo. Uchumi ulipoyumba baada ya vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda vya 1978–79, mshahara wa mtumishi wa umma ukawa haumfikishi mwisho wa mwezi, hivyo kuku wa mayai wakafugwa uani, vitumbua vikakaangwa alfajiri na watoto wakatumwa kuuza barafu. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967 yalimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, na Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ikawaandama wachuuzi wasio na leseni, lakini miradi hiyo haikufa, kwa kuwa watoto walipaswa kula.

Wengine hufuata pesa ya kila siku. Jirani yangu, anayeuza supu na chapati karibu na stendi, aliacha kazi ya usafi iliyomlipa kwa mwezi, tena kwa kuchelewa. Jioni, kabla hajaosha masufuria, hutenga kwanza pesa ya unga, nyama na mkaa wa kesho, akaifunga kwenye pindo la khanga. Inayobaki ndiyo ya nyumbani. Mtoto akiugua usiku, fundo hilo hufunguliwa, na asubuhi hapiki. Hana haja ya kufungua mgahawa wa pili. Anachotaka ni ada na kodi ya chumba zilipwe bila kumpigia mtu magoti.

Wapo pia mafundi wenye ujuzi waliochoka kumtajirisha tajiri, nao kweli wanataka kukua.

Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mwema nami nauunga mkono, lakini kwa kawaida mikopo hiyo hupitia vikundi, na humo fundi anayetaka mashine hujikuta amefungwa pamoja na mama anayetafuta ada, kila mmoja akiwa na mwendo wake wa marejesho. Asiye na kikundi huangukia kwenye mikopo ya kausha damu, yaani ile ya riba kubwa, ambayo marejesho yake hulimaliza fundo lile lile la khanga.

Nawaomba maofisa maendeleo ya jamii wamuulize kila mwombaji, kabla ya fomu na semina, biashara yake inabeba mzigo gani nyumbani. Fundi asaidiwe kupata mashine na zabuni. Kwa jirani yangu, utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ukifika hadi kwenye meza yake ya chapati, kwa mchango anaoweza kuulipa kidogo kidogo, utaulinda mtaji wake kuliko semina yoyote ya kuandika mchanganuo wa biashara.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam