Chai Yapoa: Barua kwa Mdogo Wangu Aliyeko Doha

Mdogo wangu,

Nambari yangu uliifungia tangu Mei mwaka jana, wiki ile ile tuliyomzika Baba. Nilijaribu kupitia kwa mkeo, akaniambia kwa adabu, "Wifi, mimi sitaki kuingia kati yenu." Simlaumu. Mwanangu ndiye aliyeniambia kwamba huwa unasoma ninayoandika hapa, hata kama huachi neno. Basi naandika hapa, na watakaosoma wengine wasome.

Jana Mama alitaka kabati la Baba lifunguliwe, tukalitoa hema. Lile la kijani, alilolinunua Kongowea kwa wauza mitumba akarudi nalo kwenye tuktuk amelikumbatia kama mtoto mchanga. Nilipolikunjua uani mchanga wa ufukwe wa Tiwi ulimwagika sakafuni. Mama akauzoa kwa kiganja, akautia kwenye kopo la kahawa. Hakusema kitu. Nami sikulala.

Unaukumbuka mwaka 2023 kwa picha nilizokuwa nakutumia. Sisi tuliuishi. Baba alikuwa amestaafu bandarini Mombasa baada ya miaka 34, akatangaza kwamba kila mwezi, Jumamosi ya mwisho, watu wote wa nyumba hii watatoka. "Nimepakua mizigo ya watu wakaenda nayo kwao," alisema. "Sasa nami nataka kutembea kwetu." Januari tulianza na bustani ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Kila meli iliyoingia mlango wa Kilindini aliwaeleza wajukuu imebeba nini, akikisia kwa namna ilivyozama majini. Watoto walikuwa wanashindana kumuuliza.

Februari tulikwenda Bamburi, kwenye yale machimbo ya simiti yaliyogeuzwa msitu. Baba alimpenda sana yule bwana Haller aliyeanza kupanda miti pale mwaka 1971, juu ya mawe matupu. Kilichompendeza zaidi ni habari ya majongoo. Mivinje ilishika, lakini majani yake yalikuwa yanaanguka na kulala tu bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo wakawa wanayala na kuyageuza udongo. Alisimama pale nusu saa, kainama na fimbo yake, anatafuta jongoo wa kuwaonyesha watoto. Kisha akawasimulia habari ya Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa pale akamng'ang'ania kobe mkubwa aliyeitwa Mzee, akawa analala ubavuni pake. Alipomaliza alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Mdogo wako huko hula nini usiku?" Nikamjibu kwamba wewe ni mtu mzima na unapika. Sikukuambia hilo wakati ule. Nilikuwa na hasira nawe, hujapiga simu wiki tatu.

Machi ikaingia Ramadhani, Aprili tukaenda Makadara Idd, watoto wakapanda pembea mpaka wakatapika mabuyu. Mei mvua. Agosti, likizo ya shule, tulivuka feri tukaenda kupiga kambi Shimba Hills, na hilo hema likasimama kwa mara ya kwanza. Baba aliteremka mpaka maporomoko ya Sheldrick, yale ya mita 21, pamoja na askari wa wanyamapori, na kupanda tena alikuwa anasimama kila hatua kumi kujifanya anatazama ndege. Tulimwona palahala dume, mweusi, pembe zimepinda nyuma kama jambia. Baba akasema hakuna kwingine Kenya utakakomwona porini ila vilima hivi, na yeye kakaa mwendo wa saa mbili kutoka hapo umri wake wote asimjue.

Ule usimamaji wake kila hatua kumi nilikuwa najua sababu yake. Hapa ndipo unaponishtaki, kwa hiyo nisipapite. Mwezi wa Julai daktari alimwambia moyo umepanuka. Nilikuwa naye. Kwenye ngazi za ile zahanati alinishika mkono akaniapisha nisimwambie mtu, na wewe alikutaja kwa jina. "Huyo akisikia ataacha kazi, na ana mtoto mdogo." Ungefanya nini ungekuwa mimi? Mzazi wako akuapishe, nawe ukatoke hapo ukapige simu Doha? Nimejiuliza hilo mara nyingi, na kila mara najibu vilevile. Ila usiku najibu kwa sauti ndogo zaidi.

Sasa Tiwi.

Ulikuja Desemba, likizo ya wiki tatu, na Baba akaihamisha safari yote kwa ajili yako. Novemba hatukutoka kabisa kwa ile mvua ya El Niño, kwa hiyo watoto walikuwa na hamu ya miezi miwili. Tulifika tarehe 28, maji yamekupwa, mabwawa ya mwambani yamejaa visamaki, na wewe ukavua viatu ukawa mtoto tena. Nakuambia kweli, mchana ule ulikuwa mzuri. Ulimbeba mwanangu mdogo mabegani mpaka kwenye mwamba wa mbali. Ulinikaangia samaki, ukanichagulia kichwa kwa sababu ulikumbuka nakipenda. Nilimwambia mume wangu, "Mdogo wangu karudi."

Jioni ukapiga hema chini, karibu na maji, upate upepo wa kaskazi. Baba alitoka kuswali Isha, akatazama mwezi, ulikuwa mpevu siku mbili, akatazama mstari wa mwani uliokauka juu yetu. Akasema, "Sogezani hema. Leo bamvua, maji yafika hapa." Wewe ulikuwa umepiga magoti, kigingi mkononi, ukamjibu bila kumtazama: "Baba, nishalipiga. Hebu niachie na mimi kitu kimoja."

Akakuachia. Mtu aliyezaliwa pwani, aliyefanya kazi bandarini miaka 34, anayejua kwamba bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, alinyamaza, akaingia akalala ndani ya hema alilojua litaingia maji. Kwa sababu uliomba kitu kimoja.

Saa kumi usiku bahari ikaingia. Unakumbuka. Magodoro, nguo, simu ya shemeji yako, mfuko wa dawa za Baba. Watoto wakilia mabegani. Tulipofika juu kwenye minazi, Baba alikuwa anacheka, amelowa mpaka kifuani, anawaambia wajukuu kwamba sasa wao ni mabaharia. Nami nilikuwa nimeshika ule mfuko wa dawa unaotiririka maji, na mimi peke yangu ndiye niliyejua ni dawa za nini. Ndipo nikasema lile neno. Mbele ya mume wangu, mbele ya mkeo na watoto. Nilisema, "Pesa za Doha hazinunui akili." Nimelisema, silikatai. Lakini uangalie nilikuwa nimeshika nini mkononi.

Hukujibu. Ulikaa juu ya mzizi mpaka alfajiri.

Baba aliswali, kisha akawasha moto kwa makumbi ya nazi, mengine mabichi, moshi ukamchoma macho. Akapika chai ya tangawizi kwenye sufuria ndogo. Akatoa vile vikombe vya bati vyenye maua, akavipanga mchangani, akamimina cha kwanza, akakiweka upande wa kulia kwake. Kila mmoja alijua ni cha nani. Ukaja kutoka nyuma, begi begani, bodaboda imeshafika njiani juu na injini inanguruma. Baba hakugeuka. Alisema tu, "Mwanangu, chai yapoa." Ukasema, "Nitakunywa mbele, Baba." Ukapita. Nguo yako ilimgusa bega.

Alichukua kisahani akakifunika kikombe. Mama akamwambia anywe yeye. Akasema, "Kiacheni. Huenda akakosa gari." Jua likapanda. Watoto walikunywa vyao, tukakunja hema, tukatafuta vigingi, na kile kikombe kikabaki pale na kisahani chake, sisimizi wanazunguka ukingo. Ilikuwa yapata saa tano Baba alipokichukua mwenyewe, akaenda kuimwaga chai kwenye shina la mnazi, taratibu, kama anayemwagilia mche. Akakisuuza kwa maji ya bahari. Akakifuta kwa kanzu yake.

Siku mbili baadaye ulisafiri. Ulipita nyumbani kuchukua mizigo saa ya Adhuhuri, ukijua yuko msikitini.

Najua mlizungumza baadaye. Kila Ijumaa ulimpigia, naye akirudi kutoka kwenye simu uso umechangamka. Hakuwahi kuitaja Tiwi. Yeye alikusamehe kabla ya bodaboda kufika barabara kuu, naamini hivyo. Mimi ndiye niliyebaki na kile kikombe.

Sasa kuhusu mazishi. Uliandika kwenye kikundi cha familia, "Mmenizikia baba yangu." Maneno matatu, na shangazi zetu wote wakasoma. Baba alifariki saa kumi na moja alfajiri. Nilikupigia mara saba. Saa ya Doha na ya Mombasa ni moja, kwa hiyo nilijua uko kazini, nikaendelea kupiga. Ulipopokea ilikuwa saa tatu, na ndege ya mapema ingekufikisha kesho yake mchana. Ami na imamu walikuwa wamekwisha kukaa, wakasema maiti haicheleweshwi, Alasiri tuswali. Mimi mwanamke nilikuwa jikoni na kanga kichwani. Nani aliniuliza? Na hata kama ningeulizwa, nisingemweka Baba usiku mzima. Waliomtia kaburini Kikowani walikuwa mume wangu na ami, na nafasi yako, upande wa kichwa, alishika mwanangu wa miaka kumi na sita. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nilisimuliwa, sikuona.

Nikushauri kitu kama dada yako. Ukimpigia Mama, usianze na pesa. Anajibu "imefika, ahsante," halafu anaishika simu mkononi muda mrefu baada ya wewe kukata. Muulize amekula nini. Mwambie na wewe umekula nini. Mimi ninampeleka kliniki, ninamsokota nywele, ninamlaza akishindwa usingizi, na bado anakaa kuisubiri sauti yako. Sisemi haya ili unione mwema. Au pengine nasema kwa sababu hiyo, kwa sababu miaka yote hii hakuna aliyeniambia, "Dada, umechoka?" Wewe ungeweza kuniambia. Ulikuwa unanichagulia kichwa cha samaki.

Nilikukosea kwa lile neno. Ningelisema faragha. Ningekupa ule mfuko wa dawa uushike mwenyewe, nawe ungeelewa bila kuambiwa. Hilo ndilo ninalojutia, kuliko kiapo.

Watoto wanataka Tiwi tena Desemba hii, na Mama amekubali. Usipange foleni ya feri ukija. Ukitoka uwanja wa ndege shika njia ya Dongo Kundu, uvuke daraja la Mteza, ambalo Baba alisema atalivuka kwa miguu na hakuwahi. Hema nimelipeleka Mwembe Tayari kwa fundi wa maturubai, zipu imeliwa na chumvi, amesema Jumanne litakuwa tayari. Vigingi vilikuwa kumi na viwili. Siku ile tulichimba mpaka tukachoka, tukapata tisa. Vile vitatu vya upande wa bahari ulivipigilia wewe. Ukija, njoo na vitatu.

Dada yako.