Mulembe, na Krismasi Njema kutoka Mbale

Ndugu zangu, jamaa na marafiki, mlioko Kampala, Busia, Nairobi, na ninyi wa mbali mnaovaa makoti mawili: mulembe! Ndivyo tunavyosalimiana huku chini ya Mlima Elgon, na maana yake ni amani. Krismasi njema, na Mungu atuvushe salama mwaka mpya.

Naandika nikiwa barazani kwa shangazi, miguu ina vumbi hadi magotini. Mwaka huu unagawanyika kwa mbili, na kila Mmasaaba, yaani sisi wenyeji wa huku, anajua maana yake: ni mwaka wa imbalu, tohara ya vijana wetu. Msimu ulifunguliwa Agosti pale Mutoto, nje kidogo ya mji, na tangu hapo ngoma ya kadodi haijalala. Sasa shule zimefungwa, kwa hiyo vijana waliokuwa wakingoja likizo wamejaa barabarani na kila mmoja ana kundi lake nyuma.

Kijana wa jirani yetu zamu yake ilikuwa juzi. Alikuwa amezunguka kwa ndugu siku kadhaa akiwaalika, njuga mapajani, shanga zimekatiza kifuani, uso umepakwa unga ambao ulikauka ukapasukapasuka kama shamba la kiangazi. Kwa wajomba alichinjiwa, kwa shangazi akafokewa: kama unaogopa, sema sasa. Hakusema. Alisimama uani, macho yametulia mbele, na kisu kilifanya kazi yake kwa muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Filimbi ikalia, vigelegele vikapasua anga, akakalishwa na kufunikwa leso. Mimi niliyekuwa nimechuchumaa upande wa mbuzi niliona kidole gumba cha mguu kikitetemeka mara moja tu. Siri hiyo ninyi mmeipata, yeye asijue.

Katikati ya kishindo hicho, mgeni mmoja aliyekuja na gari la watalii alipenya na simu yake hadi karibu kabisa amguse kijana. Wanaume wakaanza kukunja nyuso. Bibi mmoja mfupi akamshika ukosi wa shati, akamvuta nyuma, akamkalisha kwenye gogo, akampa kikombe cha busaa, pombe yetu ya kienyeji. Akanywa. Simu ikaingia mfukoni. Jioni nilimkuta anacheza kadodi vibaya sana, na watoto wamemzunguka wanamfundisha mabega. Hapo ndipo alipoiona imbalu, si kwenye ile picha.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu juzi, maana kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye maporomoko ya Sipi na huku mjini, na mkate wangu unatoka mfukoni mwao. Tamasha ni la kutazamwa, unalipa unaingia. Sikukuu unaalikwa, na aliyekualika anakutazama wewe pia: umekula? umemsalimia mzee? Wapo wenzangu wanaosema watalii watatuharibia mila. Sijui kama wanakumbuka hadithi ya wazee wetu wenyewe. Husimuliwa kwamba imbalu ilianza kwa sababu ya bibi harusi wa kigeni, Nabarwa, binti wa majirani zetu Wakalenjin, aliyekataa kuolewa mpaka bwana apashwe tohara kama wanaume wa kwao. Basi jambo tunalojivunia kuliko yote liliingia kwetu kwa mlango wa mgeni. Tofauti ni kwamba yeye aliolewa akakaa.

Katika kumkaribisha mgeni, Watooro, watu wa ufalme wa Tooro magharibi mwa Uganda, wametushinda. Ukienda Fort Portal kwenye Empango, kila tarehe 12 Septemba, siku wanayokumbuka kutawazwa kwa Mfalme Oyo mwaka 1995 akiwa mtoto wa miaka mitatu, utaona ngoma za kifalme na mavazi ya kupendeza. Lakini uzuri uko kando ya hapo. Mtu akikuzoea kidogo atakuuliza empaako yako, yaani jina la heshima na mapenzi, na ukiwa huna, watakupa: Akiiki, Amooti, Adyeri, Abwooli. Mimi walinipa Abwooli. Mila hiyo iliwekwa na UNESCO mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na mimi Abwooli nasema kwa sehemu yangu nailinda, kwa sababu wauza ndizi wa kule hadi leo hawajui jina langu jingine. Kumbukeni pia kwamba Tooro na falme nyingine za Uganda zilifutwa mwaka 1967 na kurudishwa 1993. Kuna wazee walioficha ngoma miaka yote hiyo mioyoni tu.

Hija ya Namugongo tarehe 3 Juni, ya kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, sitaisema sana, wengi wenu mmetembea. Malengelenge yenu yanatosha kuwa ushahidi.

Na lile tamasha la muziki la Jinja, lililoanza mwaka 2015 ukingoni mwa Nile? Jina lake, Nyege Nyege, limewahi kuniweka pabaya. Waandaaji wanasema ni Kiganda, ile hamu ya ghafla ya kucheza. Jaribu kumweleza hivyo mjomba wako wa Mombasa kwenye simu, mkewe akiwa kando anasikiliza. Nilikata nikasingizia mtandao.

Nikiwa kwenye lugha, acheni niseme hili. Bado wapo Kampala wanaosema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi, hata baada ya baraza la mawaziri kuidhinisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi. Watu haohao wiki hii wanatakiana Ssekukkulu ennungi, Krismasi njema kwa Kiganda, tangu asubuhi hadi usiku. Ssekukkulu! Hiyo ni "sikukuu" yetu ya Kiswahili imevaa gomesi, vazi la kina mama wa Uganda, tu. Ilihama zamani, ikapata watoto na mashamba, na hakuna anayeiuliza kitambulisho.

Kwa wanaosafiri: Kampala hadi Mbale ni kilomita zipatazo 230, lakini Desemba hazihesabiwi kwa kilomita. Njooni kituoni mapema, nauli imepanda kama kila mwaka, na aliye na kuku kwenye mfuko wa plastiki amtobolee tundu la pumzi. Shangazi amelowesha malewa tangu asubuhi, machipukizi ya mianzi kutoka msituni, yaliyokaushwa kwa moshi hadi yakawa meusi kama kamba ya kale. Kesho yatapikwa kwa karanga iliyosagwa. Ananiuliza kila saa mko wangapi, nami namjibu wengi.

Mkifika usiku msipande boda kabla ya kunipigia. Daraja letu dogo limebomoka upande mmoja, na madereva wasiotujua hupitia huohuo.