Asante kwa fundi aliyeturekebishia sauti za piano Mombasa

Fundi, uliondoka bila kutaja jina, na mzee wa kanisa aliyekuleta naye anakujua kwa jina hilohilo la Fundi. Basi pokea asante yetu hapa, mbele ya watu.

Mimi na rafiki yangu wa tangu shule ya msingi tulikuwa tunarekodi albamu ya piano ya mikono minne: watu wawili, benchi moja, viwiko vinagombana. Kipande kikuu ni Fantasia ya mtunzi Franz Schubert wa Austria, ya mwaka 1828, mwaka aliofariki akiwa na umri wa miaka 31. Inaanza kwa sauti ya chini, na hapo ndipo piano iliyolegea hujiumbua. Yetu ilijiumbua haswa, maana unyevu wa pwani huvimbisha mbao na nyuzi zikahama.

Noti nyingi za piano zina nyuzi tatu kila moja. Uzi mmoja ukipotoka kidogo tu, noti nzima hulia kama bawaba yenye kutu. Wewe ulinyamazisha mbili kwa kitambaa kizito, ukaukaza wa tatu, ukasonga hivyo uzi kwa uzi, zaidi ya mia mbili, feni zote zimezimwa ili usikie. Jasho lake! Kisha ukabaki nasi hadi usiku, ukirekebisha kati ya kipande na kipande.

Nauli ulikataa. Chai na mahamri, angalau, ulikubali.

Albamu ikitoka, nakala yako itakuwa kwa mlinzi wa kanisa. Tafadhali mwachie jina lako tuliandike kwenye jalada.